Je, Erykah Badu anamwiga Billie Holiday?

SWALI: Kaka, mimi huimba sauti ya kwanza kwenye kwaya hapa Nakuru. Nimeipata Baduizm, albamu ya kwanza ya Erykah Badu, na sasa sisikilizi kitu kingine. Wenzangu wanadai anamwiga tu Billie Holiday, yule mwimbaji wa jazi wa zamani wa Marekani. Mbona basi kichwa kinanitikisika kama nasikiliza hip-hop? Na nifanyeje niimbe hivyo? – Mwanakwaya, Nakuru

JIBU: Dada, umesikia vizuri kuliko wenzako. Ile sauti nyembamba inayopita puani kidogo, na tabia ya kulichelewesha neno, kweli zinamkumbusha mtu Billie Holiday. Lakini anayeishia hapo amesikia nusu. Badu ni mtoto wa Dallas, Texas, na alirap kabla ya kujulikana kwa kuimba.

Mimi napiga besi hapa Kisumu, kwa hivyo nitakuvuta huko. Fungua wimbo “Drama” kwenye Baduizm. Besi ile kubwa ya mbao inapigwa na Ron Carter, aliyekuwa kwenye bendi ya mpiga tarumbeta wa jazi Miles Davis miaka ya 1960. Carter huyo huyo alialikwa na A Tribe Called Quest, vijana wa hip-hop wa New York, kwenye albamu yao The Low End Theory ya 1991. Fundi wa sauti wa albamu hiyo, Bob Power, alifanya kazi pia kwenye Baduizm, iliyotoka Februari 1997. Wamo hata The Roots, bendi ya hip-hop ya Philadelphia, kwenye “Otherside of the Game”. Unaona njia yenyewe? Jazi ilimfikia Badu ikiwa imeshapitia mikononi mwa hip-hop.

Kisha rudi mwanzo kabisa, kwenye “Rimshot”. Jina hilo ni la ule mlio mkavu, tak, kijiti kinapogonga ukingo wa ngoma. Anauimba mlio huo, anauomba uje. Mwimbaji anayefungua albamu yake ya kwanza kwa kushangilia ngoma, kabla hata ya kutaja mapenzi, amekuonyesha sikio lake liko wapi. Mimi hapo ndipo aliponishika.

Sisi tuliokulia kwenye benga, besi yetu hukimbia ikijibizana na gitaa la solo. Besi ya “On & On” haina haraka. Inaacha nafasi, na Badu anaingia humo.

Sasa kuimba. Kwaya imekuzoesha kuingia mkono wa mwalimu unaposhuka. Huku unachelewa kidogo, kwa makusudi, bila kupoteza hesabu. Chagua wimbo wa tenzi unaoujua kwa moyo, gonga meza kwa kalamu polepole kwenye pigo la pili na la nne, uimbe kwa sauti ya kuongea. Neno lije baada ya kalamu. Ukijikuta unaikimbilia, punguza mwendo. Pua yake usiiige, hiyo ni yake. Ukishaweza, rudi kwenye “Drama” uimbe ukifuata besi ya Carter peke yake, ngoma uziache zipite.