Stesheni yetu ilikuwa maji

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza kama stesheni kongwe za Reli ya Kati zigeuzwe makumbusho, na kama injini moja ya mvuke ifufuliwe kwa ajili ya watalii. Naomba niseme mapema kwamba makumbusho ya reli hayanivutii. Anayetaka kuona injini kubwa za mvuke aende Nairobi, ambako zimehifadhiwa zile za Shirika la Reli za Afrika Mashariki, mbili kati yake zikiwa na majina ya milima ya kwetu, Gelai na Shengena. Zinapendeza sana, lakini zilivuta mizigo ya njia ya Mombasa, na kuzitazama hakukuelezi stesheni ndogo ya Usukumani ilimfaa nani. Hilo ndilo ninalotaka kulijibu.

Reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928. Wengi huikumbuka kwa marobota ya pamba, kwa asali ya Tabora iliyouzwa madirishani, au kwa abiria walioshuka na mizigo yao kuwahi meli ya Bukoba. Mimi naikumbuka kwa maji. Injini ya mvuke haiendi mbali bila kujazwa maji, kwa hiyo palihitajika matanki njiani, na kila tanki lilihitaji mtu wa kulitunza. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mtu huyo, katika stesheni moja ndogo ya upande wa Kwimba, alikuwa mjomba wangu.

Kazi yake ilikuwa kupandisha maji kutoka lamboni hadi kwenye tanki la chuma lililokaa juu ya mnara. Hakuyapandisha ovyo. Maji ya lambo yana tope, na tope likiingia kwenye boila huganda chini na kuziba mabomba, hivyo aliyaacha kwanza yatulie katika birika la saruji, akayachota kwa kopo na kuyatazama juani, ndipo akawasha pampu. Jioni alipanda ngazi ya mnara akiwa na ufito mrefu aliouchonga alama, akauzamisha tankini na kusoma kimo cha maji kwa kidole, kisha akamwendea stesheni masta na kumwambia, “Bwana Stesheni, ya usiku yatatosha.” Treni ilipoingia, injini ilisimama sawasawa chini ya bomba lililopinda kama shingo ya korongo, kijana wa motoni (vijana wa leo hudhani alikuwa akikoka makaa ya mawe, kumbe injini zetu nyingi wakati huo zilitumia mafuta mazito) alipanda juu ya tenda, yaani behewa la maji lililofuata nyuma ya injini, akaelekeza mdomo wa turubai kwenye tundu, naye mjomba akafungua vali. Tenda ilipofurika, maji yalimwagika hadi kwenye kokoto, na hapo ndipo kina mama walipokuwa wakisubiri na ndoo. Dereva aliwaachia pia maji ya moto, na shangazi aliyafulia nguo za watoto. Baada ya treni kuondoka, mjomba alifungua bomba dogo chini ya mnara, na kijiji kizima kikapanga foleni. Sijui kama kanuni ilimruhusu, lakini hakuna stesheni masta aliyewahi kumzuia.

Injini za dizeli zilipochukua njia, hazikuhitaji tanki. Pampu ilifungwa, mjomba akahamishiwa kwenye genge la kukaza mataruma, na kijiji kikarudi kunywa lamboni pamoja na ng'ombe. Hakuna aliyekusudia kutudhulumu. Tuliondokewa na maji kwa sababu hakuna ofisi iliyojua kwamba tulikuwa tunayapata pale.

Ndiyo maana hofu yangu haihusu kuta. Jiwe la msingi la reli mpya ya Mwanza hadi Isaka liliwekwa Juni 2021, na naifurahia kwa dhati, maana safari ya Dar es Salaam kwa treni ya zamani inachosha mno. Lakini treni ya mwendo kasi haiwezi kusimama kila kijiji, na vijiji vilivyojengwa kufuata stesheni vitabaki na majengo matupu.

Nikifika hapa naona sina budi kulegeza nilichosema mwanzoni. Majengo hayo yasivunjwe. Na kama fedha za kuyatunza zitapatikana kwa jina la makumbusho tu, basi na yaitwe hivyo, hata ukumbini zikatundikwa picha za injini. Masharti yangu ni kwamba mnara wa tanki uhesabiwe kuwa sehemu ya stesheni, bomba lake litoe maji, na wazee waliobaki wa pampu na wa genge waulizwe kabla ya kuandikwa maelezo ya ukutani. Kuhusu injini ya watalii, nakubali kwa shingo upande, iwapo itasimama pia kwenye stesheni ndogo na kuruhusu kina mama kuuza michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa) na karanga zao.

Msomaji wenu,
Mwanza