Kadi Moja, Mifuko Mingi

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi na shemeji yangu tuna nyumba mbili za kulala wageni, moja Mikindani na nyingine Lindi mjini. Kaka yangu, ambaye anafanya kazi Marekani, alipokuja likizo alitusimulia kuhusu kadi yake ya uanachama katika kampuni yenye kasino nyingi. Kasino moja ilimlaza bure siku mbili, ilhali nyingine ya kampuni hiyo hiyo, kwa kadi hiyo hiyo, haikumpa hata soda. Je, mwenye mali si mmoja? Nauliza pia kwa sababu nasi tunafikiria kuwapa wageni wetu kadi ya pointi. – Msomaji, Mikindani.

JIBU: Mwenye mali ni mmoja, ndugu msomaji, ila kila kasino ina daftari lake la mapato na meneja wake anayeulizwa fedha zilikwenda wapi.

Kadi ya namna hiyo kwa kawaida hubeba hesabu mbili, na wengi huzichanganya. Kuna pointi za kutumia na kuna pointi za kupandia daraja. Katika Caesars Rewards, mpango wa kadi wa kampuni ya kasino ya Marekani iitwayo Caesars, ambao hadi mwaka 2019 uliitwa Total Rewards, mchezaji wa sloti, yaani mashine za kubahatisha zinazozungusha picha, kwa kawaida hupata pointi 1 ya kila aina kwa kila dola 5 anazocheza, na yule wa video poka, yaani mchezo wa karata kwenye mashine, hulazimika kucheza dola 10 kwa pointi hiyo hiyo, kwa kuwa mashine za poka humwachia mwenye kasino faida ndogo zaidi. Pointi 100 za kutumia ni sawa na dola 1. Kwa hiyo aliyezungusha dola 500 kwenye sloti amejipatia dola 1. Na tukichukulia kwamba mashine hubakiza asilimia 8, dola hiyo imemgharimu dola 40. Diamond, mojawapo ya madaraja ya juu, linahitaji pointi 15,000 za kupandia daraja kwa mwaka, yaani dola 75,000 zilizozungushwa, ingawa si zote zilizopotea, maana noti ile ile huingia na kutoka mara nyingi.

Daraja hilo hutambuliwa katika kasino zote za mpango. Chumba cha bure ni jambo jingine, kwa sababu mara nyingi hutolewa na kasino yenyewe baada ya kupima mgeni hucheza kiasi gani kwa mkupuo, hukaa mchezoni muda gani, na anatarajiwa kuacha kiasi gani hapo hapo. Nadhani kaka yako alicheza sana katika ile ya kwanza, na katika ya pili alipita tu kama mgeni wa kawaida.

Kodi nayo ina sauti yake. Jimbo la Nevada hutoza kasino kiwango cha juu cha asilimia 6.75 ya mapato ya michezo, wakati Pennsylvania huchukua zaidi ya nusu ya mapato ya sloti. Kampuni ya Caesars ina kasino katika majimbo yote mawili, na si ajabu mkono wa meneja wa Pennsylvania ukawa mzito kutoa.

Isitoshe, jina la mlangoni halithibitishi umiliki. Harrah's Cherokee ya North Carolina ni mali ya kabila la Cherokee wa Mashariki, na Caesars huiendesha tu. Nayo MGM, kampuni nyingine ya kasino, ilipochukua uendeshaji wa The Cosmopolitan ya Las Vegas mwezi Mei 2022, hoteli hiyo iliendelea na mpango wake wa kadi uitwao Identity hadi mwanzoni mwa 2024 ndipo ikaunganishwa na MGM Rewards, mpango wa kadi wa MGM. Kwa muda wote huo palikuwa na mwendeshaji mmoja na kadi mbili.

Sasa nije kwenye nyumba zenu. Pointi ni deni. Hata kanuni za kimataifa za uhasibu, IFRS 15, zilizoanza kutumika mwaka 2018, humtaka mfanyabiashara atenge sehemu ya mapato yake kwa ajili ya pointi alizoahidi. Mgeni akilala Mikindani siku tisa, kisha akaenda Lindi kudai ya kumi bure, ni nani atakayelipia umeme, ufuaji wa mashuka na chai yake ya asubuhi? Wewe utakuwa umekwisha kupokea fedha, na shemeji atabaki na gharama. Mtu akifika kudai siku hiyo wakati wa minada ya korosho, shemeji atakuwa pia amemkosa mnunuzi ambaye angelipa taslimu. Kasino nazo hufunga vyumba vya bure katika siku za msongamano, na hakuna ubaya nanyi mkiandika jambo hilo nyuma ya kadi kwa herufi zinazosomeka.

Kabla ya kwenda kwa mpiga chapa, kubalianeni kiasi maalumu ambacho nyumba iliyotoa pointi itailipa nyumba iliyomlaza mgeni, na mkiandike katika madaftari yote mawili.