Korongo la Sumidero kwa Siku Moja

SWALI: Mhariri, mimi na mume wangu, wakazi wa Likoni, tutamzuru binti yetu Chiapas, Meksiko. Je, siku moja yatosha kuliona korongo la Sumidero?

JIBU: Yatosha, dada, na msilikose. Boti za injini huondoka Chiapa de Corzo, zikaufuata mto Grijalva hadi bwawa la Chicoasén na kurudi, katikati ya kuta za mawe ambazo mahali pengine hufikia takriban mita 1,000, hata sisi tuliozoea upeo wa bahari tukalazimika kuinua shingo. Kingoni mtaona mamba na ndege wengi. Majira ya mvua maporomoko hupendeza zaidi, lakini, jambo la kusikitisha, ndipo mto huleta takataka za plastiki kutoka mijini. Vaeni kofia.