Kufungiwa nyumba kwa kudaiwa kodi ya miezi 2, Nairobi

Dada uliyefungiwa nyumba, pole. Kudaiwa miezi 2 hakumpi mwenye nyumba ruhusa ya kutia kufuli lake juu ya lako. Dalali wa mnada mwenye leseni anaweza kuja kushika vitu kwa ajili ya deni, lakini kukutoa ndani ni kazi ya amri ya mahakama au baraza la kodi za nyumba.

Usivunje kufuli. Utageuzwa mshtakiwa wewe. Lipige picha, tarehe ionekane, kisha nenda kituo cha polisi uombe namba ya OB (kitabu cha polisi cha kuandikia matukio). Watakwambia hayo ni ya madai, si jinai. Sawa, ila namba uandikiwe.

Kodi yako ikiwa Sh2,500 kwa mwezi au chini (siku hizi nadra, labda chumba cha mabati), peleka lalama Baraza la Kudhibiti Kodi. Ikizidi hapo, nenda mahakama ya hakimu anayesikiliza kesi za ardhi, uombe amri ya dharura ufunguliwe. Beba mkataba na taarifa ya M-Pesa ya kila kodi uliyolipa. Ukiweza, tuma hata nusu ya deni leo.

Kuhusu ile notisi ya WhatsApp ya Machi 10, ambayo mwenye nyumba anakutaka uhame Aprili 10: unalipa kila tarehe 1, kwa hiyo kwa Sheria ya Ardhi ya 2012, kama mkataba haukusema vingine, inapaswa kutimiza mwezi mzima na kuishia siku ya kodi. Hiyo ni Mei 1, si Aprili 10.