Pampu ya umeme kwenye gari la kale: kuiwasha ni rahisi, kazi ni kuizima

Gari langu ni la mwaka 1965. Zamani likikaa wiki mbili bila kuguswa, asubuhi ya kuliwasha ilikuwa adhabu: napiga starta, naipumzisha, napiga tena, mpaka betri inaanza kukata pumzi. Injini haikuwa na kosa. Petroli ya kwenye kikombe cha kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa, ilikuwa imekauka, na pampu ya asili, ile inayosukumwa na kemshafti (mhimili unaozunguka ndani ya injini), haivuti tone mpaka injini izunguke. Kwa hiyo starta ndiyo iliyobeba mzigo wa kuleta mafuta kutoka kwenye tangi kule nyuma. Siku za joto kali lilikuja na ugonjwa wa pili: nikizima injini ikiwa ya moto, petroli iliyo kwenye bomba chini ya boneti inachemka, mvuke unajaa njiani, na pampu inabaki kuvuta hewa.

Pampu ndogo ya umeme karibu na tangi, ya kusaidiana na ile ya zamani, imeyatibu yote mawili. Nimeifunga mara mbili. Mara ya kwanza nusura nilichome gari.

Kosa la kwanza lilikuwa la uvivu. Nilichukua umeme kwenye koili, ile inayotengeneza umeme wa cheche za plagi, kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu. Pampu ikalia kwa unyonge kama mgonjwa. Nilipopima nikakuta volti 8 tu, kwa kuwa koili ya gari langu hupata umeme kupitia rezista inayoupunguza makusudi. Nikahamishia waya kwenye swichi ya ufunguo, nikaweka kiswichi cha kuwasha na kuzima chini ya dashibodi, nikajiona fundi.

Miezi kadhaa baadaye injini ilizimika njiani. Nikashuka, nikafungua boneti, ufunguo ukiwa bado umewashwa. Petroli ilikuwa inachuruzika kutoka kwenye kabureta, inadondokea karibu kabisa na bomba la moshi. Taka ndogo ilikuwa imekwamisha sindano ya kabureta, ile inayofunga petroli kikombe kikijaa, na huku nyuma pampu inaendelea kusukuma, tik tik tik, haina habari kwamba injini imekufa. Pampu ya zamani haina hatari hiyo: injini ikisimama, nayo imesimama. Ya umeme lazima uifundishe.

Nilipoifunga upya nilitumia rilei ya kawaida ya miguu minne, yaani swichi inayowashwa kwa umeme mdogo ili ipitishe mkubwa; kila mguu una namba yake. Mguu wa 30 unapokea umeme kutoka betri, na fyuzi ikae karibu na betri kadiri inavyowezekana, maana kipande chochote cha waya kilicho kabla ya fyuzi hakina ulinzi. Pampu yangu haifiki ampia 2, kwa hiyo nimeweka fyuzi ya ampia 5. Mguu wa 87 unakwenda kwenye pampu. Mguu wa 85 nimeufunga kwenye bodi. Akili yote iko kwenye waya mwembamba unaokwenda mguu wa 86.

Waya huo unatoka kwenye swichi ya ufunguo. Kwanza unapita kwenye swichi ya mgongano, kile kidude chenye gololi ndani kinachokata umeme gari likigonga kitu. Halafu unapita kwenye swichi ya shinikizo la oili: injini ikizunguka oili inapanda, swichi inaunga, pampu inafanya kazi, injini ikifa oili inashuka, na baada ya muda mfupi pampu inakatwa yenyewe. Usidhani swichi ya taa ya oili itafaa. Ile huunga pale oili inapokosekana, yaani kinyume kabisa cha unachotaka. Tafuta inayounga shinikizo likipanda, uifunge pamoja na ya taa kwa kiungo cha njia tatu.

Sasa pampu itajazaje kabureta kabla injini haijawaka? Weka kibonyezo cha springi, kile kinachoachia ukiondoa kidole, kiiruke swichi ya oili peke yake. Kikae baada ya swichi ya mgongano, kisije kikaipita na hiyo pia. Mimi hubonyeza kama sekunde kumi. Kabureta ikijaa mlio unabadilika, unakuwa mzito na wa polepole, ndipo napiga starta. Kiswichi cha kuwasha na kuacha sikitaki tena. Kinategemea kumbukumbu, na yangu naifahamu.

Waya wa hasi wa pampu umenitesa kuliko nilivyotarajia. Pampu nyingi hukalia raba ili zisitetemeshe bodi, na raba haipitishi umeme. Vuta waya wake maalumu, kwangua rangi mpaka chuma king'ae, kaza, kisha paka grisi. Halafu pima volti pale pale kwenye pampu ikiwa inafanya kazi. Kupima ikiwa imezimwa hakukuambii lolote.

Kabla ya kununua, chungulia betri yako. Magari mengi ya Uingereza ya kabla ya katikati ya miaka ya 1960 yamefungwa chanya kwenye bodi, na pampu yenye vifaa vya kielektroniki ndani ikigeuziwa nyaya inakufa papo hapo. Magari ya volti 6 nayo yana pampu zake. Angalia pia nguvu ya kusukuma: kabureta nyingi za zamani hutosheka na psi (kipimo cha shinikizo) 2 hadi 4, wakati pampu ya gari la kisasa lisilo na kabureta husukuma psi 40 na zaidi. Hiyo itaishinda sindano na kumwaga petroli juu ya injini. Chagua pia pampu inayoruhusu mafuta kupita ikiwa imezimwa, la sivyo ile ya zamani haitaweza kuvuta. Iweke chini ya usawa wa tangi, filta itangulie.

Jambo ambalo wengi hulisahau ni kiwambo cha ile pampu ya zamani, yaani utando wa ndani unaovuta na kusukuma petroli. Kikiwa kimechanika, pampu ya umeme itasukuma petroli kupitia tundu hilo hadi ndani ya oili ya injini. Toa kijiti cha oili mara kwa mara. Kikinuka petroli, au oili ikionekana kuongezeka badala ya kupungua, usiwashe injini. Nilibadilisha kiwambo changu kabla ya kuunga waya wowote.

Ukishafunga, fungua ufunguo bila kupiga starta. Pampu inyamaze. Bonyeza kibonyezo, ilie, achia, inyamaze. Washa injini, ilie. Injini ikiwa inazunguka, chomoa waya wa swichi ya oili: pampu inyamaze, ingawa injini itaendelea kwa pampu yake ya zamani. Urudishe, kisha igonge swichi ya mgongano mpaka iruke, usikilize tena. Ikilia mahali isipopaswa, ondoa waya wa hasi wa betri, gari lilale hapo hapo mpaka umepata ulikokosea.