Msomaji Auliza: Mchango wa chakula kwa ploti

Swali: Habari mhariri, mimi naishi fleti ya orofa nne huku Section 58 Nakuru na tunataka kuchangia chakula kituo cha watoto kilicho karibu. Mara ya mwisho kila mtu alileta chumvi na majani chai, unga hata haukufika. Tufanyeje? – Mama wa Orofa ya Tatu

Jibu: Mama, hapo mlikosa mpango tu, roho mnayo. Chagueni sufuria moja, mi ningesema githeri, alafu kila orofa ipewe kitu chake: ya kwanza mahindi, ya pili maharagwe, ya tatu mafuta na chumvi, ya nne ndengu za siku ingine, na pimeni kwa gorogoro ile ya kilo mbili ndio mtu ajue akileta moja amefika, na asiye na uwezo alete nusu bila kuulizwa maswali.

Lakini kwanza pigieni kituo simu, tafadhali sana, mwulize wanapika na nini na wana stoo kavu ama hawana. Mahindi nawaomba muwe makini, yakiwa na unyevu yanashika kuvu yenye sumu ya aflatoksini na kupika haiitoi, so mkiona punje zimebadilika rangi msipeleke, hao ni watoto. Gunia liwekwe juu ya mbao, lisiguse sakafu.

Mwombeni keateka, yule msimamizi wa ploti, akubali kuweka ndoo ya mchango kwa geti wiki ya mwisho wa mwezi, mshahara ukiwa umeingia.