Niliacha pombe, sasa nafanyiwa upekuzi: niseme au ninyamaze?

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mtumishi wa umma hapa Dodoma, nina mke na watoto wawili. Zamani nilikunywa mno, hadi nikapewa onyo la maandishi kwa utoro kazini na baadaye nikalazwa Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili. Huu ni mwaka wa tano sijaonja pombe. Sasa nimependekezwa kuhamia masijala ya siri, yanakotunzwa majalada ya siri, katika wizara moja pale Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, na fomu ya upekuzi, yaani uchunguzi wa kuona kama naaminika, inauliza habari za ulevi na matibabu. Mke wangu anasema yaliyopita si ndwele, ninyamaze. Nifanyeje?*

Marahaba, mwanangu. Mkeo anataka kukustiri, lakini katika hili sikubaliani naye. Onyo lile limo katika jalada lako la utumishi, na majirani waliokuwa wakikufungulia geti usiku wa manane bado wapo mtaani. Mpekuzi akiyapata huko baada ya wewe kuandika "hapana", hatajali tena pombe ya miaka ile. Atashughulika na uongo wa mwaka huu, na kwa huo hutakuwa na utetezi.

Jiulize anayekupekua anaogopa nini kwa mtu aliyewahi kuwa mlevi. Anaogopa ulimi unaolegea mezani baada ya chupa kadhaa, na anaogopa zaidi aibu iliyofichwa, kwa sababu mtu mwenye nia mbaya anaweza kuigundua na kukuambia umletee nakala ya jalada fulani, la sivyo bosi wako atajua ulikolazwa. Hofu ya kwanza umeipunguza kwa kuacha. Ya pili inakosa nguvu siku unapoyaandika mwenyewe, kwa kuwa hakuna wa kukutishia kwa jambo ambalo mwajiri wako tayari analijua.

Wamarekani wameliweka hili hadharani. Mwongozo wao wa mwaka 2017 wa kuamua nani akabidhiwe siri za serikali unautaja ulevi kuwa sababu ya shaka, kisha unaeleza kinachoweza kuiondoa shaka hiyo, kikiwemo kukiri tatizo, kukamilisha matibabu na kudumu katika mwenendo mpya. Kanuni zao haziitawali Mtumba, na sikuahidi kwamba utapimwa vivyo hivyo, lakini hoja yenyewe ina akili.

Basi jibu ulichoulizwa, kwa sentensi chache: lini pombe ilianza kuathiri kazi, onyo lilitolewa tarehe gani, ulilazwa na kuruhusiwa lini, na hali yako ya leo. Usiandike kwamba ulikuwa "unakunywa kidogo kwenye sherehe", kwani halazwi mtu Mirembe kwa kidogo ya sherehe. Wala usijaze ukurasa kwa toba. Mpekuzi si padri. Omba barua ya daktari inayothibitisha matibabu na maendeleo yako, na kama uliacha kuhudhuria kliniki, rudi mwezi huu, maana kusubiri majibu ya upekuzi ni kipindi kibaya kwa mtu wa hali yako, hasa mshahara ukiingia na rafiki wa zamani akipiga simu. Barua hiyo iweke katika bahasha iliyofungwa na uikabidhi kwa mhusika mwenyewe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu habari za afya kuwa taarifa nyeti, kwa hiyo hazistahili kuzungushwa ofisini.

Unaweza kusema kweli na bado ukanyimwa nafasi hiyo. Itauma, lakini utabaki na kazi uliyo nayo, ambayo ukikutwa umedanganya unaweza kuipoteza pia.

Usimfuate balozi wa mtaa kumpanga maneno. Mkeo, hata hivyo, mwonyeshe ulichoandika kabla ya kurudisha fomu, kwa kuwa naye anaweza kuhojiwa, na akijibu tofauti na wewe kwa nia tu ya kukulinda, mtatiliwa shaka nyote wawili.